Gome la Mama na Sukari ya Wageni

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka chuoni na habari. Alikaa kwenye kiti changu, akanyoosha miguu kama mwenye nyumba, akaniambia wasomi wamegundua kitu. Ati ndani ya magome ya miti fulani, na majani mengine, mna vitu vinavyokinga protini za damu zisiharibiwe na sukari. Aliyasema polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza, "Na hao wasomi wako, wakishampa mgonjwa gome lake akanywa, nani anabaki kumwangalia mpaka jioni?"

Akasema hakuna mgonjwa. Kazi bado iko ndani ya chupa.

"Basi ikitoka kwenye chupa," nikamwambia, "waje Isiolo niwaonyeshe watu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mambo hayo ya gome na sukari na damu niliyapigania nyumbani kwangu kabla mama yake hajaolewa, na adui wangu hakuwa sukari peke yake. Adui zangu walikuwa watu wazuri, wenye salamu ndefu, waliobeba pakiti mkononi.

Mimi sikusoma, na sioni haya kusema. Shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi upande wa Garbatulla. Baada ya vita vya shifta, waasi wa huku kaskazini na serikali, hapakuwa na mbuzi wa kuchunga. Tulikuja mjini mimi na mama yangu, yeye amebeba kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa, kwa sababu alisema mwanamke hawezi kuingia mji wa watu mikono mitupu. Nilianza na birika moja na mawe matatu kando ya barabara, pale malori ya Marsabit na Moyale yanaposimama kupumzisha injini. Miaka ya sabini ilipofika katikati nilikuwa na hoteli ya mabati, meza zangu, mabenchi yangu, na nyumba yangu mwenyewe mtaa wa Wabera. Hakuna mume aliyenipa, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Chai ndiyo iliyonijengea. Na kusema kweli, si chai. Mtu wa kwetu hanywi chai. Anakunywa sukari iliyotiwa rangi kwa majani.

Nikajenga, nikamweka mama yangu kwenye chumba kinachopata upepo, nikadhani sasa nimemaliza kazi ya mtoto. Hapo ndipo akaanza kuwa na kiu.

Kiu gani hiyo? Alimaliza mtungi peke yake. Akinywa anatoka, akirudi anakunywa. Alikonda huku anakula. Watu wakasema ni jicho baya, kwa sababu binti yake amepata. Mimi niliona kitu kingine. Niliona sisimizi. Walijipanga kutoka ukutani mpaka chooni, mstari mweusi, na walikuwa wanakwenda pale mama anapokwenda haja ndogo, wala si pengine. Mtu aliyeuza chai miaka yote hiyo anajua sisimizi wanafuata nini. Nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mrefu wa kutoka upande wa ziwa, mpole, mwenye subira. Alichukua mkojo wa mama kwenye kioo chembamba, akatia dawa ya buluu, akashika juu ya moto. Ile buluu ikageuka kijani, ikapita kwenye manjano, ikasimama kwenye rangi ya tofali. Akaniambia ikibaki buluu ni salama, ikifika tofali ni sukari nyingi. Akampa vidonge. Akakaa chini kutueleza.

"Mama," akasema, "ndani ya damu kuna vitu vinavyofanya kazi, tunaita protini. Ni jamii moja na nyama. Sukari kidogo inapita tu, haina neno. Ikizidi, ikikaa siku nyingi, inajibandika kwa zile protini na kuzikaza. Mishipa inakuwa migumu. Macho, figo, miguu, vinaanza kufa pole pole."

Mama akaniuliza kwa Kiborana, "Huyu anasema mimi ni nyama?"

Mimi nilielewa upesi kuliko daktari alivyotegemea. Sikuelewa kwa akili ya darasani. Nilielewa kwa sufuria. Ukichemsha maziwa na sukari mapema, ukayaacha juu ya makaa, yanageuka rangi, kwanza kama mchanga, kisha kahawia, na chini yanashika. Yakishashika hivyo, unaweza kusugua kwa mchanga na majivu mpaka kucha ziishe, ile sufuria hairudi kuwa sufuria ya jana. Maziwa peke yake hayashiki namna hiyo. Nikamwambia daktari. Akafikiri, akasema, "Sitaapa kuwa ni sawasawa, lakini uko karibu sana, mama wa hoteli."

Nilirudi nyumbani nikatoa sukari yote. Hata ile ya kibati iliyokuwa ya wageni niliibeba hotelini.

Mama aliketi akaniangalia nikipita na kupita. "Kwa hiyo umejenga nyumba ya mabati," akasema, "ili uniletee njaa ndani yake."

"Ayo, mama yangu, ni daktari amesema."

"Daktari ana mama? Mwulize mama yake anakunywa nini."

Basi ndivyo tulivyoanza.

Gome lililetwa na mwanamke Msamburu aliyekuwa ananiletea maziwa hotelini kutoka upande wa Leparua. Alikuwa mtu wa maneno machache na shanga nyingi. Siku moja alipitisha maziwa nyumbani, akamwona mama amekaa anajikuna miguu, akachuchumaa akaishika. "Yeyo," akasema, yaani mama kwao, "hii miguu inawaka?" Mama akasema inawaka kama imetembea juu ya jivu la moto. Yule mwanamke akaniambia wazee wao wanakula nyama ya mafuta mpaka inatiririka kwenye viwiko, na bado wanaruka kwenye ngoma, kwa sababu supu yao haichemki bila gome. Akaniletea. Gome la mti wa miiba, mweusi kwa nje na mwekundu kwa ndani, ule ambao maganda ya mbegu zake yamebanwa-banwa kama shanga kwenye uzi. Wao wanauita kiloriti.

Nilimwuliza daktari. Hakunicheka. Alisema hawezi kuniambia linafaa wala halifai, maana hajui, ila vidonge visiachwe na sukari isirudi. Hilo ndilo jibu pekee la haki nililopewa miaka ile yote.

Nilikuwa nachemsha asubuhi kabla ya kwenda hotelini. Maji yanakuwa mekundu kama chai ya rangi. Lakini ladha! Linakamata ulimi kama ndizi mbichi, linakausha mashavu kwa ndani. Mama alikunywa funda la kwanza, akaitazama bilauri.

"Hii," akasema, "wanapewa watu au wanapaka ngozi za ng'ombe?"

"Wote wawili, Ayo. Kunywa."

"Sasa nimejua kwa nini Wasamburu wanaruka."

Lakini alikunywa. Kila asubuhi alikunywa mbele yangu, na mimi nikaenda kazini moyo umetulia. Kama ingekuwa ni mimi na mama na gome tu, hadithi hii ingekuwa fupi. Ila mama alikuwa mgonjwa, na mgonjwa anatembelewa.

Sasa mtu asiye wa kwetu lazima aelezwe. Kwetu, kumwona mgonjwa huendi mikono mitupu. Unabeba sukari na majani ya chai. Hata kama mwenyewe umekopa, utabeba. Na miaka ile kulikuwa na vipindi sukari inapotea madukani kabisa, watu wanaipigia foleni, kwa hiyo anayekuletea sukari amekuletea heshima kubwa. Inakuja kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, imefungwa kwa uzi wa katani. Mgonjwa anaipokea kwa mikono miwili. Kisha inachemshwa chai palepale, kwa sukari ileile, mgeni anywe na mgonjwa anywe, na maneno yaende. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyobebwa na watu wengi. Mimi mwenyewe nimebeba pakiti za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Ila mama yangu alikuwa anaumwa sukari! Na habari ilipoenea mjini kwamba yule mama wa Wabera anaumwa sukari, watu wakamhurumia, na jinsi walivyomhurumia ndivyo walivyozidi kubeba. Nikirudi jioni nakuta mifuko ya kaki imepangwa chini ya kitanda kama matofali ya kujengea. Niliwaambia mlangoni. Niliwaambia kwa upole, niliwaambia kwa ukali. Wanasema, "Ndiyo, tumesikia, pole sana," na mkono unaingia kwenye buibui kutoa pakiti.

Nikaanza kuibeba ile sukari kuipeleka hotelini. Ungefanya nini wewe? Niimwage? Hapo ndipo maneno yakazaliwa, kwamba namnyima mama yangu sukari ya sadaka na kuiuza kwa madereva.

Wazee wakaniita. Walikaa barazani kwa mmoja wao baada ya sala ya alasiri, na mimi nikaenda nimejifunga vizuri, nimebeba sufuria ndani ya kikapu. Nilitoa salamu, wakajibu, wakanikalisha.

"Binti yetu," akasema mkubwa wao, "wewe ni mtu wa kazi, kila mtu anajua. Lakini tumesikia mama yako anapewa maji ya miti, na sukari iko mlangoni."

Nikawaeleza yote, mkojo wa rangi ya tofali, protini, mishipa. Nikaona macho yao yanaenda mbali. Nikatoa sufuria yangu iliyoungua, nyeusi ndani, nikaiweka katikati. "Wazee wangu, hii ilipikiwa maziwa na sukari, ikasahauliwa. Daktari anasema damu ya mama ndivyo inavyofanywa."

Mmoja akaipiga kwa bakora, ikalia.

"Hii ni sufuria," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mama yako ni sufuria?"

Wenzake wakacheka mpaka wakajifuta macho. Mkubwa wao alinyamazisha watu, akasema kwa ulaini kwamba hakuna anayenilaumu, nimheshimu mama yangu, nimpe kidogo tu, kidogo hakiui. Nikabeba sufuria yangu nikaondoka. Kidogo! Kama kila mtu wa mji huu atampa mama yangu kidogo chake, mimi si nitamzika?

Hata hivyo baada ya siku hizo mambo yalionekana kutulia. Mama aliacha kunung'unika juu ya gome. Akawa analiomba mwenyewe. "Leta ile dawa yako," anasema, anainywa yote, anageuza bilauri chini juu. Wageni nao wakaacha kugombana nami. Nikasema, alhamdulillahi, watu wameelewa. Nikampeleka hospitali kwa furaha, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti. Daktari akashika kioo juu ya moto. Buluu, kijani, manjano, tofali. Tofali nyekundu kuliko ile ya kwanza.

"Anakunywa vidonge?" akaniuliza.

"Anakunywa."

"Sukari?"

"Nyumbani kwangu hakuna hata punje."

Daktari hakuniita mwongo. Alimtazama mama, na mama akatazama dirisha.

Niliyajua yote siku unga uliponiishia hotelini, nikarudi nyumbani mchana, wakati ambao sirudi kamwe. Nilisikia vicheko kabla sijafika mlangoni. Walikuwa wameketi kwenye mkeka, wanawake wa mtaa, na katikati ni jirani yangu, mke wa dalali wa ng'ombe, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko. Yeye ndiye aliyeshika birika. Mbele ya mama palikuwa na bilauri mbili. Moja ilikuwa ya gome, tupu, imegeuzwa. Nyingine ilikuwa na chai ya maziwa nzito, mpaka kijiko kinaweza kusimama.

"Salaam aleikum," nikasema.

"Aleikum salaam. Karibu chai, abayo," akasema jirani, ananiita dada bila wasiwasi hata kidogo.

"Hiyo chai ina nini ndani?"

"Ina chai."

"Na nini?"

"Abayo, wewe kaa kwanza, jasho inakutoka." Akanimiminia. "Mama yako amekunywa gome yake asubuhi, si uliona mwenyewe? Sasa gome iko ndani, imekaa, inangojea. Unataka ikae bure tumboni bila kazi? Sukari inaingia, inakutana na gome, inashikwa. Kwisha."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Kwani Msamburu anatia gome kwa supu kwa nini? Si ndio ale mafuta mingi na isimfanye kitu? Asingekula mafuta, angetaka gome ya nini? Basi. Yeye mafuta, mama yako sukari."

Wenzake wakaitikia, "Ehe, ni hivyo."

Na mama, mama yangu mwenyewe, akanitazama kwa jicho la ushindi. "Tangu nianze dawa yako," akasema, "nakunywa chai bila hofu."

Kilichoniudhi zaidi ni jinsi walivyoyapanga. Maneno yao yalikuwa yamesukwa kama mkeka, hayana tundu. Kwa wafugaji ni hivyo kweli, dawa inapewa mnyama ili arudi malishoni, haipewi ili akae zizini. Kumbe kila nilipochemsha gome ndipo nilipofungua mlango wa sukari. Kabla ya gome alikuwa anaiba kijiko kimoja kwa uoga. Baada ya gome alikuwa anakunywa birika kwa amani.

Nilimwuliza yule mwanamke wa maziwa. Alikasirika, na ilikuwa mara ya kwanza namwona amekasirika. "Mimi nilisema gome na nyama," akasema. "Sukari sisi hatuijui. Nani alisema sukari?" Hakuna aliyesema. Walijitungia.

Nikapigana upya. Nikaweka msichana wa hotelini akae na mama mchana, akageuzwa kuwa mpika chai wao. Nikafunga jiko kwa kufuli, wakaleta chai kwenye chupa kutoka nyumbani kwao, imeshatiwa sukari tayari. Mtu atashindana vipi na mapenzi ya watu? Mwizi unaweza kumfukuza kwa fimbo. Lakini huyu anakuja na dua mdomoni.

Miaka ya themanini ilikuwa imeanza wakati kidole cha mama kilipoanza kuoza. Mama alikuwa amevaa akala, viatu vya tairi, ukanda ukamla kidole kidogo cha mguu wa kushoto, naye hakusikia. Miguu ile iliyokuwa inawaka ilikuwa imenyamaza, na sisi tulifurahi kwamba imenyamaza. Mimi niligundua kwa harufu. Daktari, yuleyule, alifungua kitambaa akakunja uso. Alimwambia mama moja kwa moja, bila kupitia kwangu. "Mama, kidole hiki kimekwenda. Nitakitoa. Ukirudi kwa sukari kama zamani, utaniletea mguu mpaka goti."

Mama aliutazama mguu wake. Kisha akauliza jambo moja tu. "Kidole changu utakitupa wapi?"

Kwa sisi Waislamu kiungo cha mtu hakitupwi, kinazikwa. Daktari alijua. Kilipokatwa alitukabidhi kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mama akataka kukiona kabla hakijaenda. Nilimwambia asione. Akasema, "Ni changu." Akafungua kitambaa kwenye mapaja yake, akakiangalia kama anavyoangalia mtu ushanga uliokatika, akakifunga. Ndugu zetu wakaenda kukizika.

Nyumbani wageni walikuja kama hawajawahi kuja. Mtu aliyetoka kwenye kisu anastahili zaidi. Siku ile ya kwanza mkeka ulijaa, na mifuko ya kaki ilikuwa imepangwa mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni nimechoka, sina hata nguvu ya kugomba. Mama akaniita.

"Chemsha gome. Sufuria kubwa."

"Ayo, lako liko tayari."

"Si langu. La wote."

Nikachemsha. Nikaleta bilauri za hotelini kwenye sinia, gome jekundu linafuka. Mama alikuwa ameegemea mto, mguu juu ya kigoda. Akasubiri kila mtu ashike yake.

"Mimi nimekatazwa sukari," akasema. "Na siwezi kunywa peke yangu kama fisi. Anayekuja kuniona atakunywa ninachokunywa."

Kwetu mgeni hakatai alichowekewa mbele. Akikataa amemtukana mwenye nyumba. Wote walilijua hilo, na mama alijua kwamba wanalijua. Wakanywa. Sijawahi kuona mashavu yanavyoingia ndani kwa pamoja namna ile. Mke wa dalali alishusha bilauri yake nusu.

"Ayo, hii ni kali."

"Ni kali. Kunywa."

"Hata kijiko kimoja tu cha kulainisha..."

"Maliza kwanza," mama akamwambia. "Ikishakaa tumboni, nenda nyumbani ukaikutanishe na sukari yako. Isikae bure bila kazi."

Wengine walificha vicheko kwenye shela. Jirani akamaliza. Mama akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, "Nimezika kitu changu nikiwa hai. Kimoja kinatosha."

Tangu siku hiyo mkojo ukaanza kurudi nyuma, manjano, kijani, na siku moja ukabaki buluu. Kidonda kikafunga. Daktari alisema ni vidonge na kuacha sukari. Mwanamke wa maziwa alisema ni gome, kwani gome limefanya nini siku zote? Mimi sibishani na yeyote, lakini nilikuwepo, na niliona jambo lingine. Niliona wageni wamekunywa gome mara moja, mara ya pili wakaja wachache, mara ya tatu wakatuma salamu.

Basi ungedhani hapo nimepata raha. Sikupata. Mama alikaa chumbani na mguu wake, hakuna mtu. Mkeka ulikunjwa ukasimamishwa ukutani. Nikirudi jioni ananiuliza nani kapita, nani kazaa, nani kagombana, nami sijui, mimi ni mtu wa hesabu na sufuria. Siku moja akaniambia, "Mguu uko. Nyumba imekufa." Mimi nilikuwa nimepigana na mji mzima, nimeitwa mchoyo barazani, na haya ndiyo malipo! Nikamwambia nimefanya yote kwa ajili yake. Akasema anajua, ndiyo maana ameniambia mimi.

Akapata dawa yake mwenyewe. Alichukua fimbo, akatia gome kwenye chupa, akaanza kutembea kila alasiri kutoka Wabera mpaka hotelini kwangu. Mguu nilioupigania ili akae nyumbani akautumia kutoka. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, na kila dereva aliyeingia alipigwa swali kabla hajaketi.

"Wewe unatia vijiko vingapi?"

"Vinne tu, Ayo."

"Nenda kaone kidole changu pale makaburini, kitakwambia hesabu."

"Ayo, wewe siku hizi ni askari wa sukari?"

"Mimi nilikuwa mwizi wake. Kaa chini, kunja mguu wako mzuri huo nisiuone."

Walicheka, lakini wengine walihamia hoteli ya upande wa pili wa barabara. Nilimwomba abaki nyumbani. "Nyumbani kuna nani?" akaniuliza. Nikamwacha aniharibie biashara. Alifanya hivyo mpaka mwisho wa miaka ile ya themanini, alipokufa kwa kifua, siku chache tu kitandani. Alizikwa na miguu yake miwili.

Kwenye matanga watu walirudi wote. Na unajua walibeba nini. Mifuko ya kaki ilijaa chumba chake mpaka dirishani. Niliiangalia nikataka kuipiga teke, lakini msiba una waombolezaji, na waombolezaji wanakunywa chai. Nikapika. Nikatia sukari, sikutia kidogo.

Jioni watu walipopungua, mke wa dalali alinifuata jikoni. Alikuwa amezeeka, na alikuwa anatembea kwa kukanyaga kisigino, kama mtu aliye juu ya mawe ya moto. Alizunguka zunguka, akagusa hiki, akagusa kile.

"Abayo," akasema chini chini, "ile gome ya marehemu iliisha?"

"La nini?"

"Miguu inaniwaka."

Mdomoni nilikuwa na maneno mengi niliyoyahifadhi tangu siku ya mkeka, na yote yalikuwa mazuri. Sikuyasema. Nilimwambia asubuhi nitampeleka hospitali kwa kioo na dawa ya buluu, na hilo si la kujadili. Kisha nikatoa gome lililobaki, nikachemsha, nikamimina kwenye bilauri ya mama, nikaketi mbele yake mpaka akamaliza. Akarudisha bilauri, akashukuru, akataka kusimama.

"Kaa," nikamwambia. "Nataka kuona utakunywa nini baada ya hapo."